Sauti ya Kwingineko

4 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu Desemba ianze nimekupigia simu mara saba. Inaita mpaka inachoka. Nikituma ujumbe unajibu "sawa". Juzi nilikuuliza kama bado umenikasirikia, ukajibu "sawa" vilevile, nikabaki na simu mkononi nisijue hiyo ni sawa ya namna gani. Ndiyo maana nimeandika barua. Barua huwezi kuijibu kwa neno moja. Nakufahamu, utaionea huruma stempu.

Najua hukupenda nilivyoacha kazi kwenye ofisi ya wasanifu majengo. Ulisema mtu mwenye akili zake haachi kuchora nyumba za watu akaenda kuchora nyumba zisizo na watu. Sasa watu wapo, Shangazi. Wapo arobaini na watatu, kila mmoja urefu wa kidole, wa waya na karatasi. Mji wao nimeuita Kwingineko. Umejaa meza tatu katika chumba nilichopanga juu ya karakana ya fundi makochi. Namsogeza abiria kidogo, napiga picha. Namsogeza tena, napiga picha. Picha kumi na mbili zikipita haraka, anakuwa ametembea sekunde moja. Halafu kwenye kompyuta nachanganya na video za vitu vya kweli: moshi wa treni ni mvuke wa birika langu, na bahari ni maji ya beseni niliyoyatikisa kwa kijiko.

Habari kubwa ni kwamba ukumbi wa maonyesho umenikubalia. Tarehe 6 Septemba Kwingineko itawashwa kwenye kuta nne, watu waketi katikati kwenye mabenchi kama wako stesheni. Maana ni mji wa reli, barabara hauna. Na stesheni bila mtangazaji ni banda tu.

Mtangazaji ninayemtaka ni mmoja. Umetangaza treni miaka ishirini na minane. Baba alipofariki ukanichukua, nikawa nafanya hesabu za shule chini ya meza yako huku ukiwaambia watu wakae mbali na reli. Nisomee matangazo kumi tu. Nitakuja mwenyewe na mashine ya kurekodia.

Kama hasira bado zipo, nigombeze kwenye simu, ilimradi nikusikie.

Mwanao


19 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, na stempu ulibandika kichwa chini.

Sina hasira. Nilikuwa nazo Machi, zikapoa Aprili, na kufikia Mei nilikuwa nakusifu kwa majirani. Simu ndiyo mbovu. Ukipokea, hakuna kinachosikika.

Kuhusu kutangaza, hapana. Nimestaafu. Tafuta msichana mwenye meno yote na sauti mpya, wapo wengi.

Ila nikuulize. Mji hauna barabara, sawa. Mtu akitaka kununua sabuni anapanda treni? Njia ya reli ni moja au mbili? Kama ni moja, treni zinapishana wapi? Kwenye picha uliyoniwekea naona treni mbili zinatazamana kwenye reli ileile kama jogoo wawili. Hao watu wako arobaini na watatu utawamaliza siku ya kwanza.

Nitumie ramani. Na ule, usishindie chai.

Shangazi yako


2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka fundi makochi akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Nikamsomea sehemu ya jogoo. Akatazama meza, akasema, "Shangazi yako ana haki, hapo ni ajali." Basi nimebomoa upande wote wa mashariki.

Sehemu ya kustaafu haikunichekesha. Sikuulizi tena, lakini nisiposema nitakuwa nadanganya: nilidhani utafurahi. Miaka yote nilikuwa nakutafutia kitu kikubwa cha kukuomba, maana vidogo vyote ulishanipa bila kuombwa.

Ramani hii hapa. Stesheni ni tisa. Kona ya Mafundi ndiko kwenye karakana. Ghorofani reli inapanda ukuta. Nyumayake ni mahali ambapo kila anayeshuka anakutana na mtu aliyemkosa jana. Nyingine utaziona.

Jana mwuza miavuli wangu alivunjika goti nikiwa nimeshampiga picha mia mbili. Nimemfunga uzi. Sasa anachechemea, na sitaki kuanza upya, kwa hiyo atachechemea mji mzima.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Ramani nairudisha. Wino mwekundu ni wangu. Nimekuwekea njia ya kupishania kabla ya Ghorofani na nimehamisha kituo cha maji, maana ulikiweka mahali ambapo injini ingefika imekufa kwa kiu. Mwuza miavuli mpe behewa la mwisho, ndilo linalosimama karibu na mlango wa kutokea. Mtu mwenye goti bovu hatembezwi jukwaa zima.

Nimekuandikia na matangazo tisa, moja kwa kila stesheni, huyo msichana atakayesoma asije akababaisha. Kazini kwetu ilikuwa marufuku kumwambia abiria kwa nini treni imechelewa. Miaka ishirini na minane nimesema "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Kule kwako nataka watu waambiwe ukweli. Kwa mfano:

"Abiria wa kwenda Kona ya Mafundi, treni yenu imechelewa kwa sababu dereva amesimama kuangalia bahari. Akitosheka, mtaondoka."

Na hili la Nyumayake:

"Treni iliyoingia jukwaa la pili haiendi popote. Imekuja kuwasalimia."

Nilikaa na kalamu siku tatu, chakula kikaungua mara mbili. Sijui umeniambukiza nini.

Asome polepole.

Shangazi yako


1 Machi

Kwa Fundi Redio,

Shikamoo Baba. Ni mimi, yule mtoto wa jirani yako mtangazaji, niliyekuwa nakuibia betri.

Naomba uniambie jambo. Shangazi anasema simu yake ni mbovu. Jana nilipiga kwa namba ya fundi makochi, akapokea. Nilisikia redio yake kwa nyuma na nikasikia anavuta pumzi. Nikaita, "Shangazi?" Akakata.

Barua zake zimechangamka kuliko zamani. Ameniandikia matangazo ambayo nikiyasoma nalia na kucheka. Lakini hataki kabisa kuyasoma yeye. Ana nini? Kama nimemkosea, nionyeshe kosa nilirekebishe.

Na jambo la pili. Wewe ndiye uliyekuwa ukitengeneza vipaza sauti vya stesheni. Una kanda zozote zenye sauti yake?

Binti yako


9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Betri nilikuwa nakuona.

Shangazi yako aliniapisha nisiseme. Kwa hiyo sisemi, naandika, na Mungu atajua namna ya kulihesabu hilo.

Mwezi wa kumi na moja alifanyiwa upasuaji wa shingo. Palikuwa na uvimbe. Umetolewa wote, umepimwa, si ule mbaya. Hofu hiyo iondoe kwanza. Lakini mshipa unaoendesha sauti uliguswa. Aliamka na sauti iliyopasuka, kama msasa kwenye ubao, na inakatika kila maneno matatu. Daktari alisema huenda ikarudi kiasi, huenda isirudi, akamwelekeza kwa mwalimu wa mazoezi ya sauti. Hajaenda. Dukani ananyoosha kidole. Kwangu huja na daftari, anaandika, mimi nasoma. Tumezoea, ila tukibishana inachukua muda, na yeye huweka mpaka nukta.

Nilimuuliza kwa nini anakuficha. Siku hiyo hakuandika, alisema, na ndiyo mara ya mwisho kumsikia akisema sentensi nzima. Alisema, "Mtoto ananijua kwa sauti ile. Mwache abaki nayo."

Hukumkosea chochote.

Kanda ninazo sita, za siku nilizokuwa nikijaribu vipaza sauti. Nimezihamishia kwenye flashi, ninakutumia pamoja na barua hii. Zitunze. Na mimi nitunzie siri, kama nilivyomtunzia yeye.

Jirani, Fundi Redio


28 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hapa pana flashi. Mpe Fundi Redio akufungulie, keti vizuri, usikilize. Sitasema zaidi.

Najua kila kitu, na usimkasirikie mzee wa watu. Ungeniambia, lakini hayo yamepita. Kilichopotea nimekipata. Yalitosha masaa mawili ya kanda za zamani na programu moja ya kompyuta, na matangazo yako yote tisa yamekamilika. Mkuu wa ukumbi amesikiliza, amesema hajawahi kusikia sauti safi namna hiyo. Umerudi, Shangazi. Kwingineko hujawahi kuumwa.

Mwanao mwenye furaha


6 Aprili

Mwanangu,

Fundi Redio alikuja na mashine yake, akasema niketi, kuna zawadi. Nikaketi. Nikajisikia natangaza treni ya Kona ya Mafundi: maneno niliyoyaandika mwezi wa pili, kwa sauti niliyoipoteza mwezi wa kumi na moja. Laini, hata mkwaruzo haina. Haivuti pumzi. Hilo ndilo lililonitisha.

Hayo hufanyiwa marehemu. Mimi nilikuwa nimeketi palepale na kikombe mkononi.

Miezi minne nimejifunza kuishi na mwanamke huyu asiyeweza kumwita muuza mboga. Ni kazi ngumu, lakini nilikuwa nimeanza kumzoea. Wewe ukamruka, ukaenda kumwamsha yule mwingine, na mkuu wa ukumbi akampigia makofi.

Basi umepata mtangazaji asiyehitaji shangazi. Mtumie ukitaka. Fundi Redio nimemfungia mlango, na wewe usiniandikie kwa sasa.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Umesema nisiandike na nimeandika. Hilo ni kosa la pili, utaniongezea kwenye la kwanza.

Nimeifuta. Kwenye kompyuta, kwenye nakala za akiba, na ile ya ukumbini nimeifuata mwenyewe. Flashi yenye kanda sita nimeirudisha kwa Fundi Redio, sauti hiyo ni yako.

Nilidhani nakurudishia kitu chako. Nilikuwa najirudishia mimi. Nilipojua umepasuliwa shingo sikuuliza unalalaje, unamezaje, nani alikaa nawe hospitali. Nilikimbilia mashine. Ungekuwa umevunjika mguu, ningekuletea picha yako ya zamani unakimbia, nikakuambia ucheke.

Mtangazaji hatakuwepo. Matangazo yako yataandikwa kwenye ubao wa stesheni, na watu watasoma. Siombi kitu.

Ila Jumamosi saa nne asubuhi nitapiga simu. Usipotaka, usipokee. Ukipokea, si lazima useme. Nitakusomea tu nilichofanya wiki nzima, halafu nitakata.

Mwanao


30 Juni

Mwanangu,

Jumamosi kumi umenisomea, na zote nilikuwepo. Ile wiki mwuza miavuli alipopoteza kichwa ukakikuta ndani ya kiatu chako, nilicheka. Hukusikia kwa sababu kicheko changu siku hizi hakina sauti, mabega ndiyo yanacheka.

Nataka nikusimulie jambo. Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda stesheni kumpokea mke wa Fundi Redio. (Ndiyo, mlango nilishamfungulia. Alileta kitasa kipya akakifunga mwenyewe.) Vipaza sauti vilikuwa vimeharibika, kijana wa zamu anapiga kelele dirishani na hasikiki. Treni mbili zilikuwa zimebadilishana majukwaa. Mimi nilijua kwa kutazama tu namba za injini, lakini abiria watajuaje?

Palikuwa na mama mmoja anasukuma kiti cha magurudumu, amemkalisha baba yake, mzee sana, na mapajani mwa mzee kuna bahasha kubwa ya picha za hospitali. Wanapakiwa kwenye treni ya kaskazini. Hospitali kuu iko kusini, na treni ya pili kwenda huko ni kesho yake. Mzee ameshainuliwa, mguu mmoja uko ndani ya behewa.

Nilinyoosha kidole. Hakuna aliyeniona. Nikatikisa daftari langu, upuuzi mtupu. Basi nikafungua mdomo. "Mama! Siyo hiyo! Jukwaa la kwanza!"

Ilitoka kama mlango wa chuma ulioota kutu. Jukwaa zima liligeuka. Mtoto mmoja aliziba masikio. Na yule mama, mwanangu, hakucheka, hakunionea huruma, hakuniuliza sauti yangu imepatwa na nini. Aliuliza, "Jukwaa lipi?" Ikabidi nirudie. Nikavuta pumzi nikarudia. Akamshusha baba yake, watu wawili wakamsaidia, wakaiwahi ya kusini ikiwa imeshapiga honi.

Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa nimefikiri kazi yangu ilikuwa ni sauti nzuri. Kumbe kazi ilikuwa watu wapande treni yao.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mwalimu wa sauti. Ni binti mdogo, mkali kuliko mimi. Ananifanya nipulize maji kwa mrija kama mtoto. Haitarudi ile ya zamani, ameniambia wazi, na nimempenda kwa hilo. Maneno matatu, pumzi. Maneno manne siku nikiamka vizuri.

Njoo Julai, lete mashine yako. Lakini tuelewane mapema: hakuna kunisafisha kwenye kompyuta. Pumzi zangu ziache zilipo.

Shangazi yako


2 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama, na kile kikapu cha chakula ulichonifungia fundi makochi amekimaliza kabla sijakishusha.

Bado nasikia harufu ya nguo za kabati lako. Watu wenye fedha wana studio. Sisi tulikuwa na kabati, magodoro mawili na wewe umekaa juu ya sanduku, unanikatisha kila dakika kwa sababu nimeshika maikrofoni kama mwiko. Siku tano zile sitazisahau. Siku ya kwanza ulipoanza kusoma niliinama nikajifanya natafuta waya. Nadhani uliniona.

Sasa nikwambie kilichotokea. Nimekuweka Kwingineko, na treni zote zikaondoka kabla hujamaliza. Ulipofika kwenye pumzi ya pili, jukwaa lilikuwa tupu. Nilifikiri kupunguza maneno. Kisha nikatazama tena, nikaona tatizo ni treni. Zilikuwa na haraka ambayo hakuna aliyezituma.

Basi nimezifanya zisubiri. Nimepiga picha upya, elfu tatu na mia sita, mgongo wangu unajua. Treni haiondoki mpaka mtangazaji amalize, na akivuta pumzi, mji mzima unatulia. Ikabidi niwatafutie abiria cha kufanya wakati huo. Zamani walikuwa wanapita tu. Sasa mmoja anashusha mzigo, mwingine anamtazama aliye pembeni yake, mwingine anagundua kamba ya kiatu imefunguka, na mwuza miavuli anapata muda wa kufika. Nilikuwa na mji mzuri wa kutazama, Shangazi. Sasa wanaishi watu.

Mkuu wa ukumbi alikuja wiki iliyopita. Akauliza kama naweza kuilainisha sauti kidogo, au kurudisha ile ya kwanza. Nilimjibu kwamba ile ya kwanza haipo, na kama hii haifai, basi Kwingineko haitafunguliwa hapo. Na sina ukumbi mwingine. Akaomba aketi asikilize yote. Alipotoka hakusema neno juu ya sauti. Aliuliza mabenchi yataongezwa mangapi.

Tarehe 6, saa tisa alasiri. Mje wote watatu.

Mwanao


9 Septemba

Mwanangu,

Tumefika nyumbani. Fundi Redio amelala njia nzima, mke wake amesimulia Kwingineko behewa zima mpaka mkagua tiketi akaketi kusikiliza.

Kuna jambo sikukuambia pale ukumbini kwa sababu ulikuwa umezungukwa na watu, na nilikuwa nakutazama tu, nikiwaza laiti baba yako angekuona.

Nilikaa benchi la nyuma, peke yangu. Nilikuambia nataka kuona vizuri, lakini kweli yake nilikuwa naogopa, nikataka kuwa karibu na mlango. Taa zikazimwa, mji wako ukawaka pande zote, na mimi nikaanza kutangaza. Nilishika mkoba wangu nikingoja watu wacheke. Nikavuta pumzi ya kwanza kule ukutani. Treni ikasubiri. Abiria wako wakatulia. Na wale wa kweli, kwenye mabenchi, nao wakatulia. Ukumbi mzima ulikuwa unaningoja, na hakuna aliyeonekana kuchoka.

Kwenye tangazo la tano akaja bwana mmoja mtu mzima, kachelewa, kofia mkononi, akaketi karibu nami gizani. Akalikalia koti langu. Nilivumilia matangazo mawili. Mwishowe nikamwambia, "Samahani, umekalia... koti langu."

Akainuka haraka, akalitoa, akalikung'uta. Kisha akasimama kama aliyeitwa jina. Akatazama ukutani. Akanitazama mimi. Akatazama tena ukutani, ambako nilikuwa katikati ya sentensi. Akaketi taratibu, akaweka kofia magotini, akaniinamia kwa adabu kabisa.

"Mama," akasema, "mimi ni mgeni hapa. Treni inayofuata inakwenda wapi?"

Nikavuta pumzi. Akasubiri. Nikamwambia.

Shangazi yako